Cha Maabara Hatuli

Wifi yangu Kokugonza hali chakula kisicho na ukoo. Ukimletea papai atakuuliza limetoka mti gani, mti huo uliota kwa mbegu ya nani, na huyo mwenye mbegu aliipata wapi. Ukijikanyaga kidogo tu kwenye majibu, papai lako linakwenda kwa nguruwe wa jirani, na wewe unaambiwa "wakola waitu", ahsante sana, kwa adabu zote. Mimi nilishaacha kumpelekea vitu. Nikipata kizuri nakula njiani.

Jina langu Judica. Kokugonza aliolewa na kaka yangu Kahigi, ambaye sasa ni marehemu. Ndoa yangu mwenyewe iliponishinda nilirudi nyumbani hapa Kagoma, kaka akanijengea vyumba viwili pembeni ya kibanja cha baba yetu, na tangu hapo sufuria yangu na ya wifi ni moja. Kwa hiyo haya ninayosema sikusimuliwa na mtu. Niliyaona, na mengine niliyala.

Kwa mgeni wa huku kwetu nieleze kidogo. Kibanja ndiyo nyumba yenyewe. Migomba inaanzia mlangoni, kahawa zimesimama katikati yake, maharage yako chini, na nyuma ya nyumba wamelala wazee wetu, juu yao migomba pia. Mtu akikuuliza "umekula?" anauliza kama umekula ndizi. Kama umekula wali au ugali utajibu kwamba hujala, ila umetafuna kitu. Hata kwenye harusi za watu wakubwa, pilau ipo, nyama ipo, lakini ndizi zikichelewa utasikia minong'ono.

Kokugonza alikuja hapa bi harusi kutoka Maruku, mwembamba, mkimya, sisi mawifi tukakonyezana kwamba huyu tutamweza. Weee! Hata wiki haijaisha akachukua jembe akachimba nyuma ya jiko, akapanda machipukizi ya enchoncho aliyopewa na mama yake. Enchoncho ni ndizi ya kupika, ikiiva jikoni inalainika mpaka kibogoyo anakula bila kuomba msaada. Baba yangu alimtazama akichimba, akasema huyu hakuja kutembea, amekuja kukaa. Ule mgomba ulizaa watoto na wajukuu, miaka nenda rudi, na kila mwali aliyetoka kwenye ukoo wetu kwenda kuolewa aliondoka na chipukizi lake.

Kaka yangu alikuwa dereva wa malori ya kahawa. Mtu wa barabarani anakula anachokikuta: chipsi, kuku wa kisasa, soda, ugali wa hotelini. Alipoanza kushindwa kumeza tulidhani ni mwiba wa samaki. Kwanza nyama ikakataa, ndizi zikafuata, kisha uji, mwisho hata maji. Mwanza wakampima, wakasema ni saratani ya koo, na imeshakomaa. Akarudishwa nyumbani tumuuguze.

Kokugonza alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, akikataa kabisa mimi nimpokee. Kijiko kikiingia, anainama anamtazama kooni. "Umemeza, Ta Aristides?" anamuuliza. Ta kwetu ni baba, na Aristides ni mtoto wao wa pekee. Kaka anatikisa kichwa. Anangoja kidogo, anamuuliza tena. Mimi nilikuwa natoka nje nisione. Kaka yangu alikuwa mtu mkubwa wa kubeba gunia la kahawa begani, akaisha akawa kama mtoto, na mpaka leo nikisikia mtu anamuuliza mwenzake kama amemeza, moyo wangu unaruka.

Sasa kule Mwanza, kwenye benchi la wauguzaji, kuna mama mmoja alimwambia Kokugonza kwamba saratani zote hizi zinaletwa na vyakula vya kutengenezwa maabara, hizo GMO, mahindi yaliyotiwa vitu vya samaki na nyanya zilizotiwa sijui nini. Alimuuliza daktari. Daktari, mtu muungwana, akamwambia saratani ina sababu nyingi na ya mume wake hajui ilikuwa ipi. Jamani, kumwambia Kokugonza "sijui" ni kumkabidhi funguo. Yeye akajua.

Baada ya mazishi akaweka sheria. Cha maabara hatuli. Unga wa dukani marufuku, mafuta ya madumu marufuku, kuku wa kisasa marufuku, tikiti maji lisilo na mbegu hilo ndilo shetani mwenyewe. Tulikula ndizi na maharage ya kibanja, magimbi, samaki wa ziwani, senene wakija. Chumvi tu ndiyo ilisamehewa, nayo baada ya kesi ndefu. Simu ikazidisha mambo, maana kwenye kundi la akina mama wa usharika kila siku mtu anatuma sauti ya mtu asiyejulikana, anayehema kama anakimbizwa, anasema wametumalizia watoto. Kokugonza anaisikiliza mara mbili, kisha anakuja kunisikilizisha na mimi.

Siku moja tulikwenda Bukoba mjini pamoja, nami nilikuwa na hamu ya maandazi mpaka naota. Nikaingia kwa mzee Suryakant, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki na duka pale, ninunue mafuta kimyakimya. Kugeuka, wifi yuko nyuma yangu.

"Mzee Suryakant, hayo mafuta yamekamuliwa kwenye nini?"

"Soya, Mama. Na kidogo mawese."

"Soya ya wapi?"

"Imeandikwa nchi za nje."

"Mbegu yake ilikuwa ya kawaida au ya maabara?"

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama Kokugonza, mimi nauza tu. Sikumzalisha huyo soya."

Nilicheka mpaka nikajishika kaunta. Wifi hakucheka. Alimjibu, kwa upole kabisa, kwamba mume wake alizikwa akiwa na uzito wa mtoto wa shule, na anayeuza kitu asichojua kilikotoka naye ana sehemu yake. Nikayarudisha mafuta juu ya kaunta, na maandazi yale sikuyala mpaka leo.

Msimwone mkorofi. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na jina: Georgina. Huyo ni mjukuu wake, mtoto wa Aristides na mkewe Joyness, wanaoishi mtaa wa Bakoba, hapo Bukoba mjini. Katoto kembamba, macho makubwa, shingo ndefu ya Kahigi mtupu. Kokugonza akiiona ile shingo anaona koo la mume wake. Akasema, Mungu akimjalia uhai, kilichomuua babu hakitapita kwa mjukuu. Kila Jumamosi mkungu mmoja ulipakizwa kwenye gari la Bukoba, umefungwa majani makavu vizuri, pamoja na maharage na parachichi, ili mtoto asile cha dukani. Kibanja kilikuwa ngome yake. Alikipalilia kama mtu anayelinda mlango.

Joyness ni mwalimu, ana akili zake na ana heshima, lakini mjini ukichelewa kazini unasonga ugali unalala. Wakija kututembelea, Georgina alikuwa anamshtaki mama yake hapo hapo mlangoni. "Bibi, Mama alipika ugali, mimi nikafunga mdomo." Anabana midomo na kuziba kwa viganja vyote viwili, kuonyesha. "Nikasema cha maabara hatuli!" Bibi anapiga makofi, anamchumia ndizi mbivu ya zawadi. Joyness anatabasamu kwa meno tu.

"Wifi, huyu mtoto utamfunza njaa," nilimwambia.

"Njaa haina saratani," akanijibu. Hebu nambie, mtu kama huyo utamjibu nini?

Ndipo ukaja mnyauko. Wenye migomba wanaujua. Mgomba unasimama mzima asubuhi, majani yanaanza kuinama na kugeuka njano bila sababu, ndizi zinaiva kabla hazijakomaa, ukizikata ndani zimeoza kahawia. Wetu wa kwanza ulikuwa upande wa kijito. Mimi ndiye niliyekwenda kumwita bwana shamba wa kata, kijana anaitwa Nathanael, mpole, anayeongea polepole kama anayemlisha mgonjwa.

Alikuja, akauchanja mgomba kwa kisu chake. Usaha wa njano ukatoka taratibu. Kokugonza akajishika kifua.

"Mawe! Mama yangu! Migomba nayo inaoza hivi?"

"Huu ni mnyauko, Ma," alisema Nathanael. "Shina hili lote tuling'oe, tulifukie. Na panga likishakata mgomba mgonjwa lisiguse mwingine kabla halijasafishwa. Ugonjwa unatembea na panga."

"Lisafishwe na nini?"

"Na jiki, Ma. Unachanganya na maji, unachovya—"

"Jiki!" Sauti ya wifi ilifika barabarani. "Jiki hii tunayomwagia chooni? Niitie kwenye chakula cha mjukuu wangu?"

"Ndizi hainywi jiki, Ma, ni panga tu."

"Na panga linakata nini? Linakata hewa?"

"Wifi, mwache kijana amalize," nikasema. Nilikuwa namenya ndizi kizingitini, kisu kikabaki hewani.

Nathanael maskini akadhani akimpa habari njema atapoa. Akasema asiogope, hata wakipoteza migomba michache ipo miche safi, imekuzwa kwenye chupa, haina ugonjwa. Chupa! Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake. Wifi alishaviona vichupa hivyo kwenye maonyesho ya Nanenane, migomba midogo ya kidole imesimama ndani ya kitu kama uji mweupe, na usiku ule hakulala.

"Si GMO, Ma," kijana alimwomba. "Nakuapia. Ni migomba ile ile ya hapa kwetu, imekuzwa mahali pasafi tu."

"Ndiyo biashara yenu. Mkono huu mnaleta ugonjwa, mkono huu mnaleta miche."

"Sawa, Ma. Kama jiki hamtaki, basi—"

"Basi toka kwenye kibanja cha mume wangu!"

Alikuwa ameshika fagio. Nathanael akapiga hatua za kinyumenyume, akaokota kofia yake, akatuaga kwa heshima, akawasha pikipiki. Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwambia wifi, na kwa hasira ile hatukusemezana mpaka ndizi zikaiva. Baadaye kijana aliitisha mkutano wa kijiji juu ya huo mnyauko. Kokugonza hakwenda, na mimi siku hiyo nilikuwa Bakoba, Joyness alikuwa anaumwa.

Alichofanya wifi ni kulichukua panga la Kahigi na kuuangusha ule mgomba mwenyewe. Alichimba shimo akaufukia vizuri, hapo simlaumu. Kisha akalifuta panga kwa majani, likang'aa, akalichomeka darini.

Krismasi ilikuwa inabisha hodi. Kwetu Krismasi watoto wote wanarudi, wa Dar, wa Mwanza, wa kokote. Wanazunguka kibanjani kusalimia makaburi, na macho yao yanapima. Kibanja kichafu siku hiyo ni aibu kuliko kwenda kanisani na gauni lililochanika. Basi Kokugonza akaingia kazini, na akifanya kazi yule mwanamke utaona raha. Panga la mumewe mkononi, shina hadi shina, anakata majani makavu, anapunguza machipukizi dhaifu, anaangusha magogo ya migomba iliyokwisha zaa. Mimi nyuma yake natandaza nyasi. Hakuacha shina hata moja. Aristides alipofika alisimama kwenye njia akapiga mluzi. "Mama, hii ni bustani ya Edeni," akasema, na mama yake akaona haya kama msichana.

Kwaresima ilipoingia, Edeni ikaanza kugeuka njano.

Kwanza huku, kisha kule, kisha katikati, palipokuwa pazuri kuliko pote. Kokugonza akazidisha bidii. Jani likiinama leo, kesho limekatwa. Anaamka, anachomoa panga, anazunguka, na kila alipopita, baada ya wiki chache pananyauka. Nilimkumbusha maneno ya Nathanael. Akaniambia kama nataka kumwagia jiki kaburi la kaka yangu nimwambie waziwazi. Nikamwambia basi tuite mtu mwingine. Akasema mtu mwingine atakuja na chupa yake ile ile.

Akaanza kuficha. Wageni walikaribishwa mbele ya nyumba tu, kibanjani hapaingiki, eti kuna siafu. Mikungu ya Jumamosi ikapungua, ikawa vichana, ikawa vidole kwenye kikapu. Sisi wawili tulikula magimbi asubuhi na jioni ili ndizi nzima ziende Bakoba. Nilimkuta jikoni amepasua ndizi, anachokonoa sehemu ya kahawia kwa ncha ya kisu, anatenga ile nyeupe iliyobaki kwenye bakuli la Georgina. Nilitaka kumfokea. Badala yake nikakaa chini nikamsaidia kuchokonoa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jirani yetu Ta Kahangwa, mzee wa heshima, alisimama asubuhi moja kwenye mpaka wetu, kofia mkononi kama aliyekuja msibani. Migomba yake ya upande wetu ilikuwa imeanza kuinama.

"Ma Aristides," alisema, "mimi na marehemu tulikata ndizi pamoja tangu utoto. Kwa nini hukuniambia?"

Mzee akaenda ofisini kutoa taarifa, na sikumlaumu, ningekuwa yeye ningekwenda nikikimbia. Siku zilizofuata alipopita barabarani alitusalimia bila kusimama, na hilo lilimuuma Kokugonza kuliko matusi.

Wakaja mwenyekiti wa kijiji na Nathanael, wakazunguka kibanja chote. Hakuna shina walilolisamehe. Ikaamuliwa migomba yote ing'olewe na kufukiwa, ardhi ipumzike, isipandwe mgomba kwa miezi. Aristides akaombwa aje na vibarua. Alikuja Jumamosi, gari lile lile lililozoea kupeleka mkungu Bakoba, safari hii limemleta yeye, Joyness na Georgina, na mfuko mmoja ambao Joyness aliuficha haraka nyuma ya mlango wa jiko.

Kokugonza aliketi juu ya kaburi la mume wake tangu vibarua walipoanza. Mgomba ukianguka una sauti yake, si kama mti, ni kishindo cha maji. Vilianguka vishindo hivyo asubuhi nzima. Nilikaa naye. Pale tulipokuwa hatuoni chochote ila migomba, sasa tukaona nyumba ya Ta Kahangwa, tukaona barabara, tukaona hadi mnara wa kanisa, na watu wa barabarani wakatuona na sisi. Nililia. Siwezi kusema nililia kidogo.

Nathanael alikuwa amewasha moto wa kuni kwenye mpaka wa Ta Kahangwa. Kila kibarua kabla ya kuvuka upande ule alipitisha panga motoni, upande huu, upande ule, mpaka chuma kinawaka moto huwezi kukigusa. Wifi aliwatazama kwa muda. Kisha akainuka, akaenda pale.

"Mbona mnachoma mapanga?"

"Tunaua ugonjwa, Ma, tusiupeleke kwa mzee," alisema Nathanael.

"Ulisema ni jiki."

"Jiki au moto, Ma. Chochote kati ya hivyo. Moto unafanya kazi ile ile."

Kokugonza akautazama ule moto. "Moto gani?"

"Moto wowote. Hata wa jikoni, wa mafiga. Unalipitisha panga tu, unaendelea."

Wifi yangu, aliyekuwa na jibu kwa daktari, kwa mzee Suryakant, kwa mwalimu Joyness na kwangu mimi kila siku iliyopambazuka, aligeuka akatazama jikoni kwake. Moto wa jikoni kwetu hauzimwi. Unafunikwa majivu usiku, asubuhi unapulizwa. Uko hatua chache tu kutoka pale panga lilipokuwa likichomekwa.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

Kijana akainamisha kichwa. Angeweza kusema, na ningekuwa mimi ningesema, na ningelisema kwa nguvu. Yeye alisema tu, "Nilikuwa nakuja huko, Ma."

Wifi akakumbuka. Niliona uso wake unakumbuka: fagio, "basi toka", kofia iliyookotwa chini. Nikamshika kiuno. Hakulia. Alisema, "Judica, moto," na tangu niolewe na kuachika na kurudi, sikumbuki kama aliwahi kuniita kwa jina. Siku zote mimi ni wifi.

Ulikuwa umebaki mgomba mmoja, ule wa nyuma ya jiko, enchoncho ya mama yake. Vibarua waliuacha wa mwisho kwa heshima. Kokugonza akasema ataukata mwenyewe. Akalitoa panga la Kahigi darini, akaingia nalo jikoni, akalipitisha juu ya mafiga, upande huu, upande ule, polepole, kama alivyowaona wale. Hakuna haja ya kusafisha panga kwa mgomba wa mwisho ambao tayari unaumwa. Nathanael alijua, mimi nilijua, nadhani hata yeye alijua. Tukampisha. Akatoka nalo likifuka moshi, akakata.

Mchana ukafika, na watu waliofanya kazi lazima wale. Joyness alitoa ule mfuko nyuma ya mlango. Sembe ya dukani, mfuko wa karatasi wenye picha ya hindi jekundu la kucheka. Akasonga ugali kwenye mafiga ya mama mkwe wake, kwa mara ya kwanza tangu nyumba hii ijengwe, akakaanga na dagaa kwa mafuta aliyokuja nayo kwenye chupa ya maji. Alikuwa anageuza mwiko huku anachungulia mlangoni kama mwizi. Kokugonza akapita, akaona, akaendelea kunawa mikono.

Tukakaa. Aristides akaomba sala fupi. Akamega tonge, akachovya, akampelekea Georgina.

Mtoto akafunga mdomo. Akaziba kwa viganja vyote viwili.

"Kula, mwanangu," baba yake akasema.

Akatikisa kichwa. Alikuwa hajala tangu chai ya asubuhi Bakoba, midomo imemkauka. Akageuka akamtazama bibi yake, macho yanang'aa, anangoja makofi. "Cha maabara hatuli," akasema kutoka nyuma ya vidole. "Eti, Bibi?"

Vibarua waliacha kutafuna. Aristides akapandisha sauti, "Georgina!", lakini mtoto mikono hakuitoa. Joyness akaweka sahani chini akafunika uso kwa khanga.

Kokugonza akavuta kigoda karibu na mtoto. Akamega ugali. Akaufinyanga mkononi muda mrefu, akauweka mdomoni. Alitafuna na kutafuna, nikadhani atautema. Nilimwona anamtazama kaka yangu, hakuwepo lakini alikuwa anamtazama.

Georgina akateremsha viganja taratibu. Akasogea, akainamisha kichwa chini ya kidevu cha bibi yake, akaangalia pale kooni.

"Umemeza, Bibi?"

Koo la Kokugonza likapanda, likashuka.

"Nimemeza," akasema.

Mtoto akaangalia tena kuhakikisha. Kisha akafungua mdomo, na bibi yake akamlisha.